Jina la Kupitishia

Feni ndiyo iliyoanza.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Watu ishirini walikuwa wamekaa katika chumba kimoja, kila mmoja na hedifoni zake masikioni, kimya kama wafiwa waliochoka kupewa pole. Betri, fundi wa mtambo, alisimama katikati ya chumba akainua simu yake juu. Kila Jumatatu alifanya hivyo ili kuijaribu programu yao. Kazi ya programu hiyo ilikuwa moja tu: uisikilizishe wimbo, nayo ikuambie ni wimbo gani, kauimba nani, mwaka gani. Siku hiyo redio ya kujaribia ilikuwa haijawashwa bado. Kilichokuwa kikilia ni feni ya darini, kuukuu, inayozunguka kwa kukwaruza.

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Imetambua.

"Haya, jamani," Betri alisema, "feni yetu imetoa albamu."

Wawili watatu walivua hedifoni wakacheka. Mama Chiriku, aliyekaa meza ya dirishani, alicheka pia, mpaka Betri alipokisoma kilichoandikwa kwenye skrini.

"Wimbo hauna jina. Mwimbaji: Chiriku. Dakika nne, sekunde kumi na moja." Akamgeukia. "Mama Chiriku, mwanao ameanza lini kuimba? Mbona hatujaalikwa?"

Kicheko kikamkaukia mdomoni. Alijua jina hilo limefikaje humo. Yeye ndiye aliyeliandika.

Kampuni yao haikuimba wala haikupiga ala. Iliandika maelezo. Kila wimbo ulioletwa pale ulichukuliwa alama yake ya sauti, kama mtu anavyochukuliwa alama za vidole, kisha mfanyakazi akajaza fomu: jina la wimbo, mwimbaji, mwaka, lugha, hali ya wimbo kama ni ya furaha au ya huzuni. Fomu hizo ndizo zilizosafiri mpaka kwenye redio za magari, televisheni na simu za watu. Ukiwa garini ukaona jina la mwimbaji limejitokeza mbele yako, ujue kuna mtu mahali fulani, masikio yamemfa ganzi, aliyeliandika.

Na kulikuwa na sheria: kisanduku hakiachwi kitupu. Zamani, mwimbaji asipojulikana, waliandika "Hajulikani" wakaendelea. Wateja wakalalamika. Tangu mwaka uliopita, ukiandika "Hajulikani" fomu inakupigia mstari mwekundu na kukurudisha mwanzo. Basi wafanyakazi wakajitafutia njia ya uani, wakaiita jina la kupitishia. Unaandika jina lolote fomu ipite, halafu unarudi kabla ya Ijumaa jioni kulirekebisha. Walitumia majina ya wajomba, ya wachumba, ya mbwa. Betri, kabla hajapandishwa kuwa fundi, aliwahi kumpa mama mkwe wake ngoma ya dakika tisa, na akaapa kwamba inamfaa.

Alhamisi iliyopita Mama Chiriku alikuwa na sanduku la kanda kutoka kituo cha redio kilichofungwa miaka mingi. Ya mwisho haikuwa na maandishi. Ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi mara nyingi kuliko kanda yoyote inavyohitaji, na kila mzunguko ulikuwa na fundo. Mtu mwenye nafasi angejiuliza. Yeye hakuwa na nafasi. Alichukua mkasi akaukata uzi wote kwa mkupuo mmoja.

Ndani hamkuwa na maneno wala ala. Kulikuwa na sauti moja inayovuma, si ya kiume, si ya kike. Ilishuka noti nne, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, halafu ikasita kabla ya noti ya tano, mguu umeinuliwa, mguu haujatua. Kisha ikarudi juu na kushuka tena. Ilifanya hivyo dakika nne na sekunde kumi na moja. Kwenye meza yake ilisikika harufu ya mvua inayoangukia bati la moto, naye akatazama dirishani. Kulikuwa na jua kali.

Simu yake ikalia. Mama yake, anayeishi naye, alimwambia mtoto bado yuko shuleni, wenzake wote wamechukuliwa. Mama Chiriku akaandika kwenye kisanduku cha mwimbaji jina la kwanza lililokuwa ulimini, akabofya, akakimbia.

Ijumaa mtoto aliamka na jino linamuuma. Mama yake hakwenda kazini. Hakurekebisha.

Jumatatu hiyo, feni ikikwaruza juu ya kichwa chake, alifungua rekodi ili aifute. Maandishi yakatokea: *Rekodi imethibitishwa na mtambo. Huna ruhusa ya kuibadilisha.* Akajaza ombi la marekebisho. Jibu lilikuja papo hapo: *Ombi limepokelewa. Tafadhali subiri siku saba za kazi.*

"Imethibitishwaje?" alimuuliza Betri. "Ina siku nne tu!"

"Mtambo ukiisikia alama hiyo hiyo mahali pengi, unaithibitisha wenyewe. Na hii umeisikia mahali pengi mno." Betri alijikuna shingo. "Tatizo ni kwamba mahali penyewe hapana muziki."

*

Mtoto aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alikuwa na miaka saba na alizungumza akila, akioga, akipigwa mswaki, povu likimruka. Bibi yake alisema mtoto huyu angezikwa peke yake angeuchosha mchanga. Jioni hiyo alianza kusimulia habari za shule kama kawaida.

"Mwalimu akasema tuchore nyumba. Mimi nikachora nyumba haina mlango. Akaniuliza, sasa watu wanaingiaje? Nikamwambia..."

Akanyamaza. Hakukatizwa na mtu. Alinyamaza kama aliyefika mahali ngazi zinapoishia.

"Ukamwambiaje?" mama yake akauliza.

Mtoto alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea kula.

"Leo redio imezimika mapema," bibi alisema. Hakuna aliyecheka.

Jumatano alisema maneno matano siku nzima, bibi aliyahesabu. Alhamisi mwalimu alipiga simu kwamba Chiriku ameinuliwa asome mbele ya darasa na sauti haikutoka, si kwamba amekataa, midomo inakwenda lakini hakuna kitu. Daktari alimulika koo kwa tochi, akamwambia aseme aaa, akasikiliza kimya chake, akaandika dawa ya kusukutua.

"Koo lake ni zima," alisema. "Ni deko tu. Atachoka mwenyewe."

Siku hiyo hiyo Mama Chiriku alirudi ofisini, akafungua rekodi kwa mara ya ishirini, na safari hii aliona jambo ambalo hasira ilikuwa imemzuia kuliona. Dakika sita na sekunde mbili.

"Betri," aliita kwa kunong'ona. "Njoo hapa. Wimbo unaweza kurefuka?"

"Wimbo? Labda kama umenyeshewa."

"Njoo, ndugu yangu, acha utani."

Betri akaja. Akatazama, akaenda kwenye mashine yake, akarudi. Hakuwa na utani tena. Aliketi ukingoni mwa meza, wakagawana hedifoni, kila mtu sikio moja. Noti nne zikashuka, zikasita. Zikashuka, zikasita. Dakika nne na sekunde kumi na moja zikapita, na hapo ambapo wimbo ulipaswa kukatika, chini ya ule mvumo, kwa mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa, kukawa na sauti ya mtoto.

*"...nikamwambia wanaingilia dirishani, mwalimu akacheka, halafu akanipa nyota, halafu nikaja kumwambia mama lakini..."*

Betri alivua hedifoni polepole, kama mtu anayemtoa mdudu sikioni.

"Mama Chiriku. Hii umeirekodi wewe?"

"Sijarekodi kitu."

"Basi nani?"

Mama Chiriku aliendelea kusikiliza. Alikuwa amekishika kipande cha hedifoni kwa mikono miwili, kama unavyomshika kifaranga. Ile habari ilikuwa ya Jumatatu, ile iliyokatika mezani. Haikupotea. Ilikuwa imehamia humu.

*

Mkuu wa zamu alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Neno lake lilikuwa "utaratibu ni utaratibu", nao wakamwita Bwana Utaratibu, naye akadhani wanamsifu.

"Bosi, naomba ile rekodi ifutwe leo."

"Ipi?"

"Yenye jina la mwanangu."

"Kwa nini ina jina la mwanao?"

"Nililipitishia."

"Kwa hiyo ulikosea."

"Nilikosea, bosi. Nimekiri. Sasa ifutwe."

Bwana Utaratibu aliigeuza skrini yake ili naye aone. "Wiki hii rekodi hiyo imetambuliwa mara laki mbili. Watu wanaikuta kwenye lifti, kwenye friji, kwenye injini za magari. Wateja wanatuandikia: huyu Chiriku ni nani, hana nyimbo nyingine?"

"Bosi, friji haiimbi."

"Mtambo unasema inaimba."

"Mwanangu hasemi! Ana miaka saba, hajasema neno tangu jana. Kila kinachomtoka kinaingia mle!"

Bwana Utaratibu alimtazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Pole sana. Mpeleke hospitali, nakupa ruhusa. Ombi la marekebisho umejaza?"

"Nimejaza manne."

"Ndiyo maana. Ukijaza la pili, la kwanza linarudi nyuma ya foleni."

Mama Chiriku alitoka mle akakaa chooni akipiga goti lake kwa ngumi, mara nyingi, kimyakimya, kwa sababu ukuta wa choo ulikuwa mwembamba na hata kilio kilihitaji utaratibu.

Jumamosi alasiri mtoto alilala, na jua lilikuwa bado limejaa chumbani. Mama Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama. Kifua kilipanda na kushuka. Midomo iliachana kidogo. Alijiambia asifanye, akafanya: alitoa simu, akaifungua ile programu, akaisogeza mdomoni mwa mtoto, karibu kiasi cha pumzi kukipa kioo ukungu.

Hakukuwa na sauti hata ya inzi. Lakini simu ilitetemeka, na harufu ya mvua juu ya bati la moto ikapita chumbani kutoka kwenye mto aliolalia mtoto, na kwenye skrini pakaandikwa Chiriku, wimbo hauna jina, na namba za dakika hazikutulia kama zinavyotulia siku zote bali zilikuwa zikiongezeka mbele ya macho yake, kumi na tisa na sekunde nane, kumi na tisa na sekunde tisa, kumi na tisa na sekunde kumi, moja kwa kila pumzi ya mtoto.

*

"Umechelewa," alisema mganga.

Alikuwa mwanamke mnene wa mtaa wa pili, fundi cherehani, aliyeshona sare za shule asubuhi na kutoa majini mchana. Alikuwa na pini nne mdomoni na alisema akizikwepa kwa ulimi. Bibi ndiye aliyewaleta, mtoto katikati, ameshikwa mkono huku na huku kama ndoo ya maji.

"Mimi jini simpigi wala simtukani," mganga alisema. "Ninapata jina lake, namwita kwa hilo jina, namwonyesha mlango. Kila jini ana jina. Huyu anaitwa nani?"

Mama Chiriku alitazama chini.

"Mwanangu, nakuuliza. Anaitwa nani?"

"Hakuwa na jina. Alikuwa amefungwa kwenye kanda, hana jina. Mimi nikampa."

"Ukampa lipi?"

"Chiriku."

Mganga alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akazichoma kwenye mto wake mdogo wa pini. Cherehani ikasimama.

"Loo," alisema taratibu. "Aliyemfunga alimnyima jina kusudi. Asiye na jina hana pa kukaa. Wewe ukampa jina la mtoto, ukamtangazia dunia nzima. Sasa nisimame nyumbani kwako niseme, Chiriku, toka. Unadhani atatoka nani?"

Bibi alimvuta mjukuu wake kifuani.

"Fanya kitu basi," Mama Chiriku alisema, sauti imempasuka. "Wewe si mganga?"

"Mganga ndiyo, mkuu wako wa kazi siyo. Waambie waliondoe jina kwanza."

"Nimewaambia! Wamesema nisubiri siku saba za kazi."

"Jini hana siku za kazi."

"Nikiandika jina la kubuni je? La mtu asiyekuwepo?"

"Jina lisilo na mtu ni nyumba isiyoezekwa. Atalala siku moja, mvua itamnyeshea, atarudi alikozoea." Mganga alimshika mtoto kidevu, akamtazama machoni. "Lazima liwe jina lenye mwenyewe. Aliye hai. Aliyekubali kwa mdomo wake. Akishahamia huko, mimi nitamwita kwa hilo jina jipya na nitamtoa. Lakini harakisha. Huyu amebakiwa na kidogo."

*

Jumatatu asubuhi jibu la ombi lilikuwa linamsubiri. *Ombi limefungwa. Hakuna kasoro iliyoonekana. Asante kwa kutusaidia kuboresha huduma.* Rekodi ilikuwa na dakika thelathini na moja.

Hakupiga kelele. Alikuwa amevuka huko. Alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha Betri.

"Kuna njia gani nyingine?"

"Hakuna."

"Betri. Wewe una mtoto?"

Betri alitazama mlango wa mkuu wa zamu, akainama, akanong'ona. "Kuna dai la msanii. Mwenye wimbo akijitokeza, akaimba kwenye chumba cha kurekodia, mtambo unalinganisha sauti yake na ya kwenye rekodi. Zikifanana asilimia tisini, jina linabadilika saa ile ile, kwa wateja wote. Hata Utaratibu hawezi kulizuia. Lakini inabidi sauti iwe ile ile, unanielewa? Si kuigiza. Mtambo hauigiziwi."

"Nifungulie."

"Mama Chiriku, wewe hata wimbo wa siku ya kuzaliwa unaukosea."

"Nifungulie, ndugu yangu."

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa sponji nyeusi, dirisha moja la kioo lenye sura ya Betri nyuma yake. Kwenye fomu ya dai alijaza jina lake. Si Mama Chiriku. Jina lake mwenyewe, la kwenye cheti, ambalo tangu azae hakuna aliyelitumia tena isipokuwa mtu mmoja: mama yake. Majirani, mwalimu, ofisi nzima, wote walikuwa wamelifunika kwa jina la mtoto, naye hakuona ubaya. Sasa aliliandika herufi kwa herufi, na lilikuwa kama nguo ya kale iliyotolewa sandukuni, bado inamtosha.

Aliimba noti nne. Kipaza sauti kikamsikiliza. *Asilimia kumi na mbili.*

Akaimba tena. *Kumi na tisa.* Akaimba kwa sauti nene, kwa nyembamba, ameziba sikio, amefumba macho. *Kumi na saba. Ishirini na moja. Tisa.* Mara ya kumi na nne alipiga meza kwa kiganja, akapaza sauti kwamba hata majini ya kampuni hii yana fomu, kwamba yeye alitaka kuwahi shuleni tu, alitaka kumwahi mtoto tu, na machozi yakamtoka kwa hasira mpaka pua ikaziba na hata kuvuma hakuweza.

Ndipo alipoacha kuimba.

"Njoo basi," alisema, chini kwa chini, kama unavyomwambia mgeni aliyesimama mlangoni muda mrefu mno. "Mwache yule. Mimi ni mkubwa, nina nafasi. Njoo."

Taa ya kipaza sauti ilikuwa bado inawaka, na harufu ya mvua ikaja, si kutoka nje wala kutoka ukutani bali kutoka nyuma ya pua yake mwenyewe, kutoka kooni, na ulimi wake ukawa mzito kama ulimi wa mtu aliyeamshwa ghafla, na kifua chake kikajaa kikajaa kikapita pale ambapo kifua hujaa, na sauti ikatoka ambayo hakuisukuma yeye, ikashuka noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ikasita, naye akahisi ule mguu ulioinuliwa, akahisi ndani yake mwenyewe jinsi mwenye mguu huo alivyotafuta sakafu miaka yote hiyo bila kuipata, na kwa mara ya kwanza tangu kanda ile ifungwe kwa uzi, mguu ukatua.

Alipofumbua macho, Betri alikuwa amesimama, mikono yote miwili imebandikwa kwenye kioo. Kwenye skrini: *Asilimia mia moja. Dai limekubaliwa.*

"Nimeimba muda gani?" alimuuliza alipotoka.

"Dakika thelathini na moja." Betri alimsogezea kiti. "Hukuvuta pumzi."

Hakuwa amefika mlangoni bado mama yake alipopiga simu, na kabla hajasema haloo alisikia ndani ya simu, mbali, kwa kasi, kama maji yaliyofunguliwa: "Bibi nipe niseme mimi! Mama! Mama, ile nyumba, watu wanaingilia dirishani! Nilimwambia mwalimu! Mama, kwa nini hukuniuliza? Mama, unalia?"

*

Mganga alikuja kesho yake mchana, sindano bado imechomwa kwenye kola. Alimtoa Mama Chiriku nje mpaka barabarani na kumsimamisha upande wa pili, viatu mguuni, mkoba mkononi.

"Nitaita jina lako mara tatu na kuliamuru litoke. Ukiwa ndani, na wewe utatoka, na sijui utakwenda wapi. Simama hapa. Ukisikia miguu yako inataka kuondoka, shika huu mlingoti wa umeme."

Alishika mlingoti. Kutoka ndani alilisikia jina lake likiitwa, kali, kama la mtu aliyeiba. Mara ya kwanza alitaka kulia. Mara ya pili visigino vyake viliinuka. Mara ya tatu alikumbatia mlingoti kwa mikono na miguu kama mtoto, wapita njia wakimtazama, na mlango wa nyumba yake ukafunguka na kujifunga bila mtu.

"Nimemtoa," mganga aliwaambia wote watatu sebuleni. "Sikumuua, hawafi hao. Ana jina sasa, na mwenye jina akiitwa huja. Basi sheria ni moja. Jina hilo lisitamkwe tena ndani ya nyumba hii. Na mtu yeyote."

Bibi alikuwa amekaa na mikono mapajani. "Nitamwita nani sasa?"

"Niite Mama Chiriku, mama. Kama wengine."

"Mimi si wengine," bibi alisema. "Mimi ndiye niliyekupa." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda jikoni.

Wiki tatu zilipita. Feni ya ofisini ikawa feni tu. Friji za watu zikanyamaza. Kwenye magari na televisheni, wimbo usio na jina ulipata mwimbaji mwingine ambaye hakuna aliyemjua, watu wakauchoka, wakauacha. Bwana Utaratibu alimwandikia barua ya kumpongeza kwa kipaji. Chiriku alizungumza mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna kikao. Na bibi alijizoeza. Aliita "wewe", aliita "mwanangu", aliita kwa kugonga sufuria kwa mwiko. Kila alipofika ukingoni mwa lile jina alilimeza, na ulimwona akilimeza, kama dawa chungu.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi jioni. Chiriku alikuwa nje na wenzake, anawaeleza sheria za mchezo ambao bado hawajaanza kuucheza. Mama Chiriku alikuwa chumbani anakunja nguo. Jikoni chungu kilifurika ghafla, moto ukachachatika, na mama yake, mgongo kwa mlango, mkono mmoja umeshika mwiko, mwingine umenyanyua mfuniko unaochoma, akapaza sauti kama alivyopaza miaka thelathini, bila kufikiri, akamwita kwa jina lake.

Mama Chiriku alidondosha nguo. Alifungua mdomo kumzuia, kumwambia mama nyamaza, lakini hakuwahi.

"Abee, mama."

Ilitoka barazani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila laini, tiifu, sauti aliyokuwa nayo alipokuwa msichana. Kisha nyayo zikapita nje ya mlango wa chumba chake, nyayo pekupeku za mtu asiye na haraka, nne, kisha ya tano, zikaelekea jikoni, na nyuma yake ikapita harufu ya mvua.

"Kumbe upo, mwanangu," alimsikia mama yake akisema, bila kugeuka, kwa sauti iliyojaa raha ya mtu aliyeruhusiwa tena kutamka. "Nishikie mfuniko huu, unaniunguza."

Mama Chiriku alisimama katikati ya nguo zake, mkono mdomoni, akisubiri kuusikia mfuniko ukianguka sakafuni.

Haukuanguka.